Jicho la Kushoto la Bibi Agnella

Bibi Agnella alikuwa amekaa kizingitini kwake Mchombe akipepeta mchele wa mchana. Alfonsi, jirani yake wa shamba, akapita na jembe begani. Bibi akainua uso amtazame, na pua ya Alfonsi ikatoweka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alfonsi, pua umeiacha wapi?"

Alfonsi akajigusa. Hapakuwa na kitu cha kugusa. Bibi alipogeuka kumfukuza kuku, pua ikarudi mahali pake, na Alfonsi akaendelea na safari, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya maji na mfereji haumsubiri mtu.

Kufikia mwezi wa pili kijiji kilikuwa kimezoea. Chochote ambacho Bibi Agnella alikitazama moja kwa moja kilipotea katikati. Cha karibu kilipata tundu la ukubwa wa kisosi, cha mbali la ukubwa wa ungo au zaidi. Kingo zilibaki. Akitazama pembeni, kila kitu kilirudi bila maumivu. Padre alimwomba akae nyuma ya nguzo ya kanisa, kwa sababu hostia ya komunyo ilitoweka mkononi mwake Jumapili mbili mfululizo. Kocha wa timu alimwomba, kwa heshima zote, akae karibu na goli la wageni, na golikipa wa wageni akafungwa mabao matatu yaliyompita tumboni. Mwenyekiti wa kijiji alipohutubia mkutano, Bibi alimtazama mdomoni kwa utulivu, na mkutano uliozoeleka kwisha saa nane ukaisha saa tano. Jioni watu wawili walimletea ndizi.

Lakini Bibi mwenyewe alikuwa na jambo zito kuliko pua za watu. Jaruba lake la mpunga lilipakana na la Alfonsi kwa tuta moja, lililoinuliwa na marehemu mumewe, mzee Dionisi. Tangu Dionisi azikwe, tuta lilikuwa linahama. Kila msimu hatua moja, mara nyingine mbili, kuelekea kwa Bibi. Alfonsi alisema ni maji yanasukuma. Mchombe watu wanaamini mengi, lakini hawaamini kwamba tuta hutembea. Sasa zilikuwa zimefika hatua saba, na mpunga wa hatua hizo saba ndio uliokuwa ukimfikisha Bibi kwenye mavuno bila kuomba unga kwa mtu.

Alipeleka lalamiko kwenye baraza la ardhi la kata. Katibu, Konsolata, aliisoma karatasi yote huku ameinamisha kichwa ili asitazamwe.

"Bibi, unalalamikia tuta. Unaliona?"

"Naliona huku na huku. Katikati ndiyo silioni."

"Basi nenda ukatibiwe kwanza. Baraza haliwezi kumsikiliza shahidi mwenye tundu."

Bibi akapanda basi mpaka Ifakara. Mtaalamu wa macho, kijana aitwaye Fidelis, alimpima akiwa amesimama ubavuni kwake, maana alikuwa na harusi Jumamosi na aliuhitaji uso wake.

"Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha, inaitwa retina," alisema. "Imejaa mashine ndogo ndogo mno, mitokondria. Ndizo zinazotoa nguvu ya kuonea, na hapo kazi ni kubwa kuliko karibu popote mwilini. Zako zimezeeka, bibi. Zinazunguka polepole na zinatoa moshi."

"Na pumba?"

Fidelis akaliazima neno. "Na pumba. Zinalundikana katikati, na wazoaji nao wamechoka."

"Zikilundikana zinashika moto wa chini kwa chini," Bibi alisema. Kila mtu wa bonde lile anayajua malundo ya pumba nyuma ya mashine za kukoboa. Juu ni jivu, ndani yanaungua mwezi mzima bila kutoa mwali.

"Ndivyo hasa. Askari wa mwili wanakuja kuuzima, halafu wanakanyaga na miche."

"Askari ni hao hao kila mahali. Dawa?"

"Ya kurudisha kila kitu, sina. Ila wapo watafiti wanaosema mwanga mwekundu unaziamsha mashine zilizochoka, hasa ukiupata asubuhi. Bado wanabishana, lakini asubuhi haikatazwi. Kaa nje jua likiwa bado jekundu, fumba macho. Wekundu wake unapita kwenye kope. Kula mboga za majani, kula samaki. Na usilitazame jua lenyewe."

"Nililitazama Jumanne."

"Tuliona," Fidelis alisema, akiandika. "Huku nguo zilichelewa kukauka."

Aliporudi, Bibi alipitia shambani kabla ya kufika nyumbani. Alisimama mwisho wa tuta, majaruba yakiwa makavu, akalitazama kwa urefu wake. Tuta likatoweka. Chini yake, mahali lilipokuwa limekaa, palikuwa na mabua ya mpunga wa miaka iliyopita, yamepangwa kwa mistari ya kamba kama apandavyo yeye. Mistari ilitoka kwake, ikapita pale, ikaingia kwa Alfonsi, ikakoma kwenye alama ya tuta la Dionisi. Alfonsi alikuwa upande wa pili, ameshika jembe, anatazama mabua yale yale.  Bibi akaenda zake kupika.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Alfonsi alibisha hodi na kiti cha plastiki kichwani.

"Nimesikia mtaalamu kakuagiza ukae juani, mama. Nimekuletea kiti."

"Umesikia wapi, na mimi sijamwambia mtu?"

"Basi zima limesikia, mama. Ulikuwa unaeleza kwa sauti."

Tangu siku hiyo hakukosa. Alikiweka kiti mahali jua linapofika mwanzo. Alileta kambale, alileta mchicha, alileta matembele yaliyochambuliwa tayari. Mtu mmoja akiwasha taa nyeupe ya simu karibu na Bibi, Alfonsi alimfokea. Wanawake wa kisimani walisema hata mtoto wa kuzaa hamtunzi mzazi namna ile, na Bibi alikubaliana nao.

Jambo moja tu lilimsumbua Alfonsi. Kila asubuhi, jua lilipotokeza jekundu juu ya majaruba, Bibi alifunika jicho la kushoto kwa kifuniko cha birika.

"Mama, na hilo lingine?"

"Hili lina aibu."

"Mtaalamu alisema macho. Hakusema jicho."

"Likizoea watu nitalifunua. Huyu kambale ana miiba, Alfonsi. Kesho lete wa mtoni Mofu."

Baada ya wiki sita jicho la kulia lilikuwa limepona vya kutosha. Kwa jicho hilo padre alipoteza nukta moja tu ya kidevu, na haikuwa nukta aliyoihitaji. Konsolata alimpa Bibi barua ya wito aisome. Bibi akaisoma mpaka mhuri. Baraza likapanga siku.

Wajumbe walifika shambani watano, wakasimama kwenye nyasi kavu pembeni ya maji. Konsolata akafungua daftari.

"Mlalamikaji, onyesha."

Bibi akafumba jicho la kulia, akaondoa kifuniko cha birika kwenye la kushoto, akalitazama tuta kwa urefu wake. Tuta likatoweka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maji ya Alfonsi yakamwagikia jaruba la Bibi, yakapita juu ya viatu vya katibu. Walipoinama wakaona mabua ndani ya maji, mstari kwa mstari, yakielekea kwa Alfonsi. Mzee Viktor, mjumbe, alikunja suruali akayafuata akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika saba, mabua yakaisha.

"Saba," alisema. Alfonsi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Konsolata aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: "Baraza limefika kwenye eneo la mgogoro na halikukuta tuta. Tuta lisilokuwepo haliwezi kusemwa kuwa limehamishwa. Shauri limefungwa."

"Na mabua?" Mzee Viktor aliuliza akiwa bado majini.

"Mabua hayamo kwenye lalamiko, mzee."

Wakatia sahihi, Viktor akiwa wa mwisho. Bibi akalifumba jicho. Tuta likarudi na kukaa pale pale, juu ya mistari yake ya mabua, na baraza likalipitia kwenda barabarani, maana ndiyo njia iliyokuwa kavu.

Asubuhi iliyofuata Alfonsi alibisha hodi na kiti. Tangu tuta litoweke mbele ya baraza, maji ya jaruba lake yalikuwa yamebaki ya kufika kifundoni, na zamu nyingine ya mfereji ilikuwa bado siku tisa. Mkononi alikuwa na kambale wawili wa Mofu.

"Shikamoo, mama. Leo tuliweke juani na la kushoto."

"Marahaba, mwanangu," Bibi alisema. Alipokea kambale, akakaa kwenye kiti, akajifunika kifuniko cha birika. "Leo lina mafua. Labda kesho."

Jua likatoka. Kwa jicho la kulia, kupitia kope, Bibi aliona wekundu tu. Hatua mia moja kutoka hapo, tuta lilikuwa mahali Alfonsi alipoliweka, na miche ya hatua saba ilikuwa upande wake.

"Kesho," Alfonsi alisema, akachuchumaa kusubiri kiti.