Nyungunyungu wa Kuoshwa kwa Sabuni

“Sasa uliwaosha ili iweje?”

“Walikuwa wachafu.”

“Ni nyungunyungu, mama watoto! Kazi yao ni kukaa kwenye uchafu!”

“Lakini si kwenye kikapu kimoja na mkate wangu.”

Baba watoto aliinua kopo la chambo hadi puani. Lilinukia ndimu. Ndani yake nyungunyungu walilala wamelegea, wametulia tuli kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Tangu asubuhi alikuwa akiwatunga kwenye ndoano, na tangu asubuhi samaki walikuwa wakija, wananusa, wanakwenda zao. Sasa ndipo mkewe alipokiri: jana aliwasugua kwa sabuni ya vyombo, akawasuuza kwa maji ya moto.

“Vuguvugu,” mama alisahihisha.

“Ukawaua.”

“Niliwatakasa.”

Kitaaluma hakuwa amekosea. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji, na stashahada yake ilitundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni angeiona hata kama hataki. Chuoni walimfundisha kwamba kinachoingia mwilini lazima kiwe safi. Habari za samaki hawakuzigusia. Kazini walimwita Mama Usafi, na kwa muda mrefu alidhani ni sifa.

Safari hii ya kulala kwenye hema kando ya ziwa ilikuwa wazo lake. Ni yeye aliyekataza nyama isibebwe. “Tunakwenda ziwani, tutakula samaki wetu,” alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Asubuhi hiyo ndipo aliposhika fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza maishani, na alichonasa cha kwanza kilikuwa kilemba chake mwenyewe.

Binti yao alikaa mlangoni pa hema, simu mkononi. Jumatatu alikuwa anakwenda shule ya bweni. Alikubali kuja kwa sharti moja: akichoka, mama mdogo anayeishi karibu na lango la kuingilia ziwani aje kumchukua.

“Mama, njaa inauma. Nimpigie mama mdogo?”

Mama alitaka kusema, baki nami usiku huu. Kilichotoka kilikuwa: “Kaa vizuri, unachafua sketi.”

Binti alianza kubonyeza simu.

“Tuombe chambo kwa majirani,” baba alisema, akielekeza kidevu kwenye hema la pili, ambako samaki walishaanza kunukia kwenye kikaango.

“Hao hawatanipa.”

“Kwa nini?”

“Asubuhi niliwafuata nikawaambia wanawe mikono.”

“Uliwafuata? Watu usiowajua?”

“Niliwabebea na sabuni.”

Baba alijishika kichwa. “Basi nyungunyungu wamejaa pale kwenye tope, chini ya majani yaliyooza. Lakini jembe…”

“Nililiacha nyumbani. Lilikuwa na kutu.”

Simu ya binti ilianza kuita upande wa pili. Mama alilitazama lile tope. Lilikuwa jeusi, linatoa mapovu, na lilinuka kila kitu alichopambana nacho tangu aajiriwe. Kisha akamtazama binti yake, akaona kwamba asiposema sasa yaliyo moyoni atakuja kuyasema kwenye simu au siku za kutembelewa, kwa haraka haraka.

“Kata hiyo simu,” alisema. “Sitaki uende. Si kwa ajili ya samaki. Nataka ulale hapa, nikusumbue mpaka kuche.”

Binti aliduwaa, kidole kikikata simu chenyewe. “Na tutakula nini?”

Mama alikuwa ameshavua viatu. Alikunja mikono ya blauzi, akaingia kwenye tope hadi magotini, akatoa mguno ambao majirani waliusikia.

“Mama! Mama, hapo kulia, kuna kitu kinatambaa!”

“Nakiona, usinipigie kelele,” alisema, akainama, akazamisha mikono yote miwili hadi kwenye viwiko.