Analia kwa Furaha

*[Kibao cha choki, mlangoni mwa banda la video, Mbinga]*

LEO SAA TISA ALASIRI
PICHA YA VITA
MAMA MMOJA, WANA WATATU, RISASI MWANZO MWISHO
ANATAFSIRI DJ KINYWA MWENYEWE
MWENYE MOYO MWEPESI AJE NA LESO
(ukilia usione haya, wote tunalia)


1. Kinywa

Kinywa ndiye mimi. Cheti cha ubatizo kinasema Gaudence Hyera, lakini cheti cha ubatizo hakijawahi kujaza banda.

Kazi yangu ni hii. Picha inatoka huko Asia, watu wanaongea lugha yao, mimi nimekaa pembeni ya televisheni na maiki nawapa watu Kiswahili. Stelingi, yule shujaa wa picha, akisema neno moja, mimi nasema kumi. Unaniuliza kama lugha ile naijua? Usinichekeshe. Chini kuna maandishi ya Kiingereza, nayasoma kwa kurukaruka. Nisipoelewa naangalia uso. Mtu akichapwa kofi, uso wake hauhitaji kamusi.

Picha za ngumi, watu wanapiga kelele. Picha za mapenzi, wanazomea. Ila weka picha ya vita yenye mama ndani yake, mama anayesimama mlangoni na kuona mwanajeshi anakuja peke yake, uone. Banda zima kimya. Nimeona waendesha bodaboda wazima, watu wanaotukana tangu alfajiri, wanafuta macho kwa kofia. Wewe unayesoma hapa usijifanye jiwe. Nikuweke kwenye benchi la mbele dakika ishirini tu, tutaongea vizuri.

Nilijivunia hilo. Kuliza watu nilikuona ni kipaji.


2. Barua

Bi. Kandida Mbunda (mama mzazi),
MBINGA.

YAH: KUTOONEKANA KWA KOPLO LONGINUS A. NDUNGURU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Unaarifiwa kuwa mtajwa, akiwa katika jukumu la ulinzi wa amani nchi jirani, hakuonekana baada ya shambulio lililotokea darajani tarehe 9 Machi.

3. Juhudi za kumtafuta zilifanyika kwa siku kumi na nne na zimesitishwa.

4. Kwa kuzingatia maelezo ya mashuhuda wawili, mtajwa anahesabiwa kuwa amepoteza maisha.

5. Mwili haujapatikana.

6. Nakutakia utekelezaji mwema.


3. Mama

Utekelezaji wa nini?

Nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza na mwenyekiti wa mtaa, ya pili na katekista, ya tatu na mkwe wangu Eusebia, mke wa Longi, ambaye hakufika mwisho. Wote wanasoma vilevile: *anahesabiwa*. Mtu hahesabiwi kuwa amekufa, jamani. Mtu amekufa, au hajafa.

Kama amekufa nionyesheni. Kama hamna cha kunionyesha, niacheni.


4. Nje ya banda, chini ya bati, mvua inanyesha

— Yule si Mama Longi?

— Ndiye. Siku ya nne hii.

— Picha ileile?

— Ileile. Anakaa benchi la mbele, hali karanga, hasemi na mtu.

— Mwanawe si ndiye yule wa jeshini… Mungu wangu. Na Kinywa anamwachia tu aangalie vita?

— Ngoja umwone akitoka. Anatoka anacheka.

— Anacheka?

— Nakwambia anacheka.


5. Kinywa anakiri, lakini nusu

Ulimi uliponza kichwa. Wa kwangu sasa unataka kuponza kichwa cha mtu mwingine.

Siku ya kwanza Mama Longi alipoingia, nilimwona saa picha imeshaanza. Longinus nilisoma naye darasa moja. Tulikwenda pamoja kwenye usaili wa jeshi, yeye akapita, mimi macho yakanikataa. Mama yake alinipikia siku ile ili nisijisikie vibaya. Huyo ndiye aliyekaa mbele yangu, hatua tatu, ameshika mwavuli uliolowa.

Picha yenyewe iko hivi. Mama ana wana watatu. Wa kwanza anakufa, wa pili anakufa, wa tatu haonekani. Mama anangoja miaka miwili. Mwishoni anakuja mwanajeshi na kisanduku. Mama anakifungua. Anaanguka chini, anapiga ardhi kwa viganja, anaongea maneno marefu kwa kilio.

Hapo maandishi yanakatika. Kopi yangu ni mbovu, dakika tano za mwisho hazina hata herufi moja. Kila siku nilikuwa najazia mwenyewe: *mwanangu, kipenzi changu, udongo umekumeza*, na banda linalia.

Siku ile nilimwangalia Mama Longi, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Ndani ya kisanduku kuna barua, ndugu watazamaji! Mtoto yu hai! Amelazwa hospitali ng'ambo ya mto, amejeruhiwa, hakujua hata kutaja jina lake, ndiyo maana hakupatikana! Tazameni mama, amepiga magoti! Analia kwa furaha!"

Mtu wa nyuma akasema, "Furaha gani hiyo, mbona anajigaragaza?" Nikamkemea hadharani.

Mama Longi alisimama akapiga makofi. Peke yake.

Kesho yake akarudi. Ningefanyaje? Nikarudia uongo uleule.


6. Muhtasari wa kikao cha ukoo wa Ndunguru

*Mwenyekiti:* Mzee Alto Ndunguru (baba mdogo wa marehemu).

*Agenda ya 1: Mazishi.* Iliazimiwa kuwa kwa desturi ya ukoo, ambaye mwili wake haukuletwa huzikwa kwa shati lake. Kaburi litachimbwa Jumamosi asubuhi.

*Agenda ya 2: Shati.* Wajumbe walikumbushwa kuwa shati hutolewa na mama kwa mkono wake mwenyewe. Likitolewa na mwingine, kaburi ni shimo tu.

*Agenda ya 3: Maoni ya mama.* Bi. Kandida aliomba neno marehemu lisiandikwe. Alisema hatoi shati. Alisema Ijumaa alfajiri anapanda basi hadi mpakani, atavuka, atatafuta hospitali moja baada ya nyingine. Alipoulizwa nani amemwambia habari za hospitali, alijibu kuwa mambo hayo hutokea na ameyaona kwa macho yake.

Mwenyekiti alimuuliza ameyaona wapi.

Bi. Kandida alitaja banda la video.

Kikao kilivurugika. Kikafungwa bila sala.


7. Mzee Alto na Kinywa, Jumatano

"Wewe Hyera. Shikamoo yako sitaki."

"Mzee wangu, karibu ukae."

"Sikai. Ng'ambo huko bado wanapigana, unajua?"

"Najua, mzee."

"Wanajeshi wenye bunduki wamerudi nyuma. Shemeji yangu ana miaka sitini na mbili na goti bovu. Atavuka na nini? Na mwavuli?"

"Mzee, nilitaka kumpunguzia…"

"Umempunguzia nini? Kilio? Mama wa watu tangu Machi hajalia hata siku moja! Tulikuwa tunangoja alie, tumshike, tumlaze, aamke mtu. Wewe umemziba."

Nikasema ile ni picha tu, kila mtu anajua ni picha.

Mzee alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akasema polepole kwamba kaka yake, baba yake Longinus, aliwahi kuingia humu, miaka hiyo, akaona picha ya vita, akarudi nyumbani akaomba Longinus asiende jeshini. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa ni picha tu.

"Kesho ni Alhamisi," akasema. "Atakuja kuiangalia mara ya mwisho kabla ya safari. Ameniambia mwenyewe. Ukimdanganya tena na akafia huko, Hyera, hutatafsiri hapa mjini. Na sikutishi. Nakuomba."

Hilo la kuomba ndilo lililoniuma.


8. Yaliyomo kwenye begi la Bi. Kandida (yameonwa na Eusebia, mkwe wake)

picha ya pasipoti ya Longinus, nakala sita

vitenge viwili

dawa ya goti

unga wa ulezi, wa uji, *kwa sababu hospitalini hawamjui anapenda nini*

soksi za kiume, mpya

rozari

shati


shati lenyewe


9. Kinywa, Alhamisi saa nne asubuhi, nyumbani kwa Mama Longi

Nilikwenda kusema. Haki ya Mungu nilikwenda kusema. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikapewa kigoda na kikombe cha uji.

"Gaudi, baba, umekuja kuniaga?"

"Mama, ile picha…"

"Najua ile ni picha. Unaniona mjinga? Wale wanalipwa walie." Alikuwa anafunga zipu ya begi, inagoma, anaivuta. "Ila aliyeitunga amezaliwa na mama. Hawezi kumweka mama pale miaka miwili mlangoni halafu asimpe kitu. Mtu gani atatunga hivyo?"

Nikanywa uji.

"Si ndiyo, Gaudi?"

Ulikuwa mtamu. Nikamaliza, nikasema asante, nikatoka. Usinitazame hivyo. Wewe ungesema? Mbele ya zipu ile?

Woga.

Huo ndio ulikuwa woga wenyewe, na nilifika nao mpaka barabarani.


10. Saa tisa

Banda limejaa. Habari imeenea, na watu wa Mbinga hawajawahi kukosa jambo. Eusebia yuko mlangoni. Mzee Alto amesimama nyuma, kofia mkononi kana kwamba yuko kanisani. Mama Longi yuko benchi la mbele, begi limebanwa katikati ya miguu.

Mwana wa kwanza anakufa. Natafsiri.

Mwana wa pili. Natafsiri. Nakohoa, watu wanadhani ni mbwembwe.

Miaka miwili inapita kwenye picha. Theluji, mvua, theluji. Mama wa kwenye picha anafagia mlango uleule.

Mwanajeshi anatokea kwenye kona ya barabara.

Kisanduku.

Mama Longi anasogea mbele kwenye benchi. Tayari ameinua viganja kupiga makofi.

Na mimi:



(hapa nilinyamaza)



"Tafsiri, Kinywa!" mtu akapiga kelele.

Nikasema kwenye maiki:

"Ndugu watazamaji. Wiki nzima nimewadanganya. Hakuna barua. Hakuna hospitali. Mto wenyewe niliutunga. Kwenye kisanduku kuna kofia ya chuma na mtandio aliofuma mama. Mtoto amekufa. Nilisema analia kwa furaha. Hapana. Nilimwogopa mtu mmoja humu ndani, nampenda kama mama yangu, nikaogopa kumwona akilia. Mama, nisamehe. Usipande lile basi. Hospitali ile imetoka hapa, mdomoni mwangu, hakuna mahali pengine ilipo."

Viganja vyake bado viko juu. Havijagusana.

Kwenye televisheni yule mama ameshaanguka. Mdomo wake unakwenda, unakwenda.

"Anasema nini?" Mama Longi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza saa.

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye mtafsiri?"

"Maandishi yamekatika. Sijawahi kujua anasema nini."

Alishusha viganja.

"Basi zima hiyo maiki, Gaudi," akasema. "Mwache aseme mwenyewe."

Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi hii, na kila siku jambo la kwanza ninalofanya ni kushusha sauti ya picha ili yangu isikike. Nilizima maiki. Nikatafuta kitufe. Nikapandisha.

Ikapanda.

Ikapanda tena.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa neno. Lakini Mzee Alto kule nyuma alikaa chini sakafuni, mtu mzima na suti yake. Eusebia alijifunika uso na kanga. Sauti ya yule mama ilikuwa inaanzia chini, inapanda, inakatika, halafu inatafuta neno moja, lilelile, mara nne, mara tano. Bila shaka ni jina. Kila aliyekuwa mle ndani alijua ni jina.

Mama Longi alisimama. Nikadhani anatoka, na Eusebia naye akadhani hivyo, akaziba mlango kwa mwili wake. Lakini hakwenda mlangoni. Aliliacha begi pale chini, akaja mbele na goti lake linamvuta, akapita karibu yangu bila kunitazama, mpaka kioo kikammulika uso wote. Akapiga goti moja kwa shida, lile zima, kama anavyopiga mwanamke anayeingia msibani kwa jirani.

"Pole, mwenzangu," akaiambia televisheni. "Pole sana. Na mimi, wangu amekufa." Akalia, kisha akalirudia begi, akatoa shati, akampa Mzee Alto kwa mkono wake mwenyewe.