Titi Aliloazimwa Mihayo

Mihayo alikuwa mtu wa kupiga kwanza na kutania baadaye, na mara nyingine alifanya yote mawili kwa mpigo. Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara alikokuwa anabeba kreti, alishawahi kumng'oa mtu jino, akaliokota mwenyewe, akamkabidhi mwenye nalo na kumwambia ampelekee mkewe limsaidie kutafuna. Watu wakacheka. Hata aliyeng'olewa alicheka huku akitema damu, maana kugoma kucheka mbele ya Mihayo ni kujiombea la pili ling'oke.

Kazi hiyo aliipata baada ya kupunguzwa kwenye chama cha ushirika cha pamba, miaka ile mashirika yalipokuwa yanakufa moja moja na viwanda vya samaki vinaota kama uyoga pembeni mwa ziwa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kifua kipana, na hajawahi kulazwa hata siku moja.

Siku moja akiwa anaoga nyumbani kwake Pasiansi, mkono wake ulipita chini ya chuchu ya kushoto ukakuta kitu kigumu, ukubwa wa njugu mawe. Alikibonyeza, kikauma. Akakibonyeza tena na tena, kisha akaita.

"Modesta! Njoo uone, mwenzio naota matiti."

Mkewe alikuja, akagusa, asicheke. Modesta alikuwa Mhaya wa Muleba, na mama yake mdogo alikufa kwa kansa iliyoanza hivyo hivyo.

"Kesho unaenda hospitali."

"Ugonjwa wa wanawake huo."

"Unaenda, baba Nathaniel."

Akaenda. Kwenye benchi la hospitali kubwa alikuwa mwanamume peke yake katikati ya akina mama. "Jamani msinitazame hivyo," aliwaambia, "nimekuja kuuliza tu maziwa yataanza kutoka lini." Walicheka mpaka nesi akachungulia. Lakini Mihayo mwenyewe alikuwa ameikalia mikono yake. Daktari kijana aliyeitwa Projest akamchoma sindano kwenye uvimbe, akavuta alichovuta, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Mihayo aliogopa. Aliogopa kufa, na zaidi aliogopa kufa kwa ugonjwa ambao watu wangeusimulia msibani kwake wameziba midomo kwa viganja. Kwa hiyo akaamua kuutania yeye mwenyewe kabla hawajamtania, na aliyemtangulia alipata kipigo. Ndani ya siku chache alimvunja pua mpara samaki aliyemuuliza kama ameshanunua sidiria. Mwingine alimchomeka kichwa chini kwenye pipa la mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara ambavyo Wazungu hawavitaki na sisi tunapanga foleni kuvinunua. Alimshikilia humo mpaka miguu ikaanza kulegea.

Jumamosi alikwenda Kisesa kumwona Bibi Ng'washi, mama mzaa baba yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Wale wawili walitaniana kama bibi na mjukuu wa Kisukuma wanavyotaniana. Yeye alimwita mke wangu, bibi alimwita mume wangu, na matusi waliyorushiana angeyasema mtu mwingine angefungwa. Mihayo akafungua shati. Bibi akainama kutazama, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi.

"Mume wangu, hilo mbona langu?" alisema. "Wewe ulinyonya mpaka ukaondoka nalo."

Walicheka mpaka bibi akakaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuoga, Mihayo alisahau kuogopa.

Jioni, kilabuni, akawasimulia wenzake huku chupa zikizunguka. "Mke wangu Ng'washi kaniazima titi lake. Anasema siku akilitaka atakuja kulichukua mwenyewe!" Kilabu kizima kikavunjika mbavu. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Chenge, mdogo wake wa mama mwingine.

Lakini Chenge alirudi nyumbani akiwa na kitu kichwani. Mwaka uliotangulia alizika watoto wawili ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyemweleza wamekufa kwa nini. Akaenda kwa mganga. Mganga alimpasua kuku, akachungulia ndani, akasema kuna mwanamke mzee wa ukoo ameweka kitu chake mwilini mwa ndugu yako, na wewe pia amekugusa. Chenge hakuuliza jina. Jina alishalisikia kwa mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Akaenda kunoa panga.

Siku ya majibu ikafika. Daktari Projest alisoma karatasi, akainua macho.

"Si kansa, kaka. Umewahi kugongwa hapa?"

"Dokta, niulize sijagongwa wapi."

"Ni mafuta ya mwilini yaliyopondeka. Yatanywea yenyewe."

Mihayo alimkumbatia daktari mpaka miwani ikadondoka. Alitoka nje vifungo vya shati wazi, anacheka peke yake, akitafuta maneno ya kwenda kumwambia bibi.

Getini akamkuta Modesta, peku, khanga imemteremka.

"Chenge kapita nyumbani," alisema akihema. "Kasema usiogope tena, leo anakumalizia tatizo. Ana panga na watu wawili. Wameenda kwa bibi."

Mihayo alikimbia mpaka barabarani akajitosa mbele ya pikapu iliyobeba mapanki. Dereva alipofunga breki na kuanza kutukana, Mihayo alimshika shingo kupitia dirishani. "Kisesa. Ukisimama njiani nakung'oa masikio." Akapanda nyuma, akapiga magoti juu ya vichwa vya samaki, na yeye ambaye mara ya mwisho kusali ilikuwa siku ya ndoa yake alisali njia nzima.

Uani kwa bibi walisimama watu wawili na marungu. Wa kwanza alipigwa kichwa cha uso, akaanguka ameshika pua iliyopasuka. Wa pili aliona, akatokomea kwenye shamba la pamba.

Ndani kulikuwa na damu sakafuni na ukutani. Bibi Ng'washi alikuwa amejikunyata nyuma ya kinu, kaweka mkono juu ya kichwa, na vidole viwili vya mkono huo vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi tu. Chenge alikuwa anainua panga tena.

Mihayo akachomoa mchi kwenye kinu. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa Chenge kama bua kavu, panga likadondoka. Pigo la pili lilikwenda begani, la tatu mbavuni, la nne likaua goti.

"Kaka! Ni kwa ajili yako!" Chenge alilia.

Kwa neno hilo Mihayo alimpiga mdomoni, meno yakamwagika. Akauinua mchi juu kabisa, safari hii akilenga kichwa.

"Mwache," sauti ya bibi ilisema. "Na huyo ni mjukuu wangu."

Mchi ukabaki hewani kidogo, kisha akauangusha. Alivua shati, akalichana, akaanza kuufunga mkono wa bibi. Vidole vyake vinene vilikuwa vinakosea fundo. Na ulimi wake, kwa hofu, ukakimbilia palepale ulipozoea.

"Mke wangu," alisema, "dokta kasema titi si lako."

Bibi hakumjibu kama mke. Alimwita kwa jina lake.

"Mihayo. Huyu anasema maneno ya kukuazima titi uliyasema wewe, kilabuni. Kweli?"

"Nilikuwa natania, bibi."

"Watu walicheka?"

Mihayo alikaza kitambaa. "Walicheka."

"Na hawa walikuwa wanacheka," bibi alisema. "Niliwasikia tangu kule kwenye pamba. Nikajua ni wewe unakuja na wenzako, nikawafungulia mlango."