Mkato wa Mkono wa Kushoto

Eulalia Barragán alipogoa mistari miwili ya mizabibu kabla ya kwenda chuoni. Ukungu wa Januari ulikuwa mzito. Baba yake alikuwa hatua nne mbele, lakini alikisikia kikohozi chake tu. Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, ingawa mama alikuwa amevipaka mafuta ya nguruwe. Akala tortila, mkate mwembamba wa mahindi, kwa maharage wima wima, akafuta matope kwenye viatu kwa gunia, akaondoka na mkasi wake mfukoni.

Bwana Lindquist ndiye aliyepewa kazi ya kuunganisha masomo ya kilimo ya sekondari na ya chuo, ili mtu asirudie mwaka mzima kusoma anachokijua. Craig Holloway, aliyesoma na Eulalia sekondari, alikuwa ametoka ofisini mwake muda si mrefu. Alikuwa ameruhusiwa kuruka mwaka wa kwanza.

"Alama zako nzuri, binti," Lindquist alisema. "Ila huna mradi wa nyumbani. Sheria inataka uwe umehudumia shamba la familia yako."

"Hatuna shamba. Tunapogoa ya watu. Mimi tangu nina miaka kumi."

"Hicho ni kibarua. Si mradi."

"Na mzabibu unajua tofauti?"

Mwalimu wake wa sekondari, Bwana Ashjian, aliyekuja naye, alikuwa akizungusha kofia magotini. "Huyu ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wenzake kupogoa darasani kwangu," alisema.

"Sheria sikuitunga mimi. Ni kamati." Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba yake Craig. Lindquist akafungua daftari la Craig. "Mradi ni kama huu."

Palikuwa na picha ya mzabibu uliopogolewa, shina lake limemeza msumari wenye kutu. Eulalia aliujua msumari ule. Ulimchania mkono wa koti alipokuwa akipogoa kwa akina Holloway majira ya baridi yaliyopita. Akatazama mikato, mmoja mmoja. Yote imelalia upande usio wa kawaida.

"Craig anatumia mkono gani?"

"Wa kulia. Kwani vipi?"

Akautoa mkasi wake, ule wa mashoto, wenye mpini mwekundu, akauweka juu ya picha. "Mikato hii ni yangu."

Ashjian akainama. "Ni yake," akasema.

Lindquist akalifunga daftari. "Shamba ni la akina Holloway," akasema, akamsogezea fomu. Ilikuwa imeshaandikwa: *Hana ujuzi wa vitendo.* Pa saini palikuwa wazi.

Eulalia alipiga mstari juu ya maneno yale. Chini yake akaandika: *Hana ardhi.* Akatia saini hapo.

"Umeharibu fomu," Lindquist alisema.

"Nimeisahihisha."

Jumatatu alikuwa kwenye shamba la chuo pamoja na wanaoanza mwaka wa kwanza. Mwalimu kijana aligawa mikasi, yote ya mkono wa kulia, na karatasi yenye picha ya kuigwa. Msumari wenye kutu ulionekana vizuri. Chini ya picha palikuwa na jina la Craig Holloway.

Eulalia aliutundika mkasi wa chuo kwenye waya, akautoa wake, akaanza kukata.

Mwalimu alipomfikia, aliishika karatasi kando ya mzabibu, akalinganisha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Unashika haraka wewe. Umekata kama Craig kabisa."

"Tazama mkono, mwalimu," Eulalia alisema, akaunyanyua mkasi, akakata tawi lililofuata taratibu ili aone.

Lakini mwalimu alikuwa ameshapita kwa mwanafunzi mwingine, akiandika alama.