Jibu la Usiku wa Ijumaa

Ndani ya kompyuta ya marehemu Pak Giyarto kulikuwa na chumba kiitwacho Folda Mpya. Ukiingia humo unakuta Folda Mpya nyingine, na ndani yake Folda Mpya ya pili, ya tatu, na wadogo zake, zote za manjano, zote sura moja, kama watoto wa shule siku ya gwaride. Mzee hakuwahi kubadilisha jina la hata moja. Mashine ilimwambia hii ni Folda Mpya, naye akakubali, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto akaenda naye nyumbani bila kumpa jina.

Mjane wake, Mbah Parsiyah, maana mbah ni bibi, alikuwa akipotea humo kila alasiri. Aliingia, akaingia tena, akabofya mshale wa kurudi, akajikuta kwenye picha za harusi ya watu asiowajua. Akafunga kompyuta, akaifunika kitambaa cha batiki ili vumbi lisiingie.

Alichokuwa akitafuta ni sauti. Tangu wajukuu wahamie Balikpapan, ng'ambo ya bahari, na wazazi wao, Pak Giyarto alikuwa na mazoea ya kukaa mbele ya kompyuta jioni, akarekodi kitendawili na kuwatumia. Kitendawili kilikwenda Jumatatu. Jibu lilikuwa la usiku wa Ijumaa, na hakuna aliyeweza kumbembeleza alitoe mapema, hata mke aliyempikia. Kitendawili chake cha mwisho kilikuwa hiki: akiimba hakuna amsikiaye, akinyamaza nyumba nzima yamuulizia.

Ijumaa ile alfajiri mzee alikwenda kisimani kutawadha, akaanguka, hakuinuka tena. Jibu watoto hawakulipata. Hata siku ya mazishi, katikati ya vilio, mjukuu mdogo alimvuta bibi yake nguo. "Mbah, na jibu je?"

Mbah Parsiyah hakulijua. Lakini alikumbuka kwamba jioni ya mwisho mumewe alikuwa amekaa mbele ya mashine, miwani imemshuka puani, akizungumza. Basi jibu limo humo, ila hakuwahi kulituma. Naye alilitaka, wala si kwa ajili ya watoto tu. Moyoni alikwisha kukitegua kitendawili kimyakimya. Anayeimba asisikike, na akinyamaza nyumba nzima imuulizie, atakuwa nani kama si mzee mwenyewe? Alitaka kumsikia akilisema kwa kinywa chake. Alitaka kujua kama mwenzake alijua kwamba anaondoka.

Alhamisi moja alimwita Wening, mwenye duka la kutoa nakala pale barabarani, mwanamke wa makamo anayezijua kompyuta kama wengine wanavyojua kuku wao. Wening alikuja na mkebe wa vitumbua. Akafungua mashine, akafungua folda, akafungua folda.

"Mbah, hii si kompyuta. Hili ni gunia la viazi."

"Usimtukane mume wangu, nduk, mwanangu."

"Simtukani. Nasema tu Babu alikuwa mvivu wa majina. Hapa kuna Folda Mpya ndani ya Folda Mpya ndani ya Folda Mpya. Kama kitunguu."

"Kitunguu kina mwisho," Mbah alisema. "Na nikikimenya nalia kwa sababu inayojulikana."

Wening akacheka, akavuta kiti. Kwanza alikuza maandishi, maana bibi alikuwa akisoma kwa kukunja uso. Kisha akashika tabia za dirisha lenyewe la folda. Kila lilipofunguliwa lilikuwa likimpeleka mtu kwenye vitu vilivyoguswa karibuni, tena vya ovyo. Akalibadilisha, liwe likifungukia kwenye mambo ya mzee. Zile folda za katikati, zisizobeba kitu ila folda wenzao, akazitoa, na vyote vilivyokuwa chini akavikusanya mahali pamoja.

"Sasa tazama huku kushoto, Mbah. Hii safu ni kama kibaraza. Mtu unayemtaka unamkalisha hapa, na ukija unamkuta. Hupigi tena hodi chumba kwa chumba. Haya, jina gani tuandike?"

"Andika Bapak."

"Bapak tu? Kila baba wa hapa Bantul ni Bapak."

"Kwenye nyumba hii alikuwa mmoja."

Wening akaandika Bapak, akambandika juu kabisa kibarazani, akawaondoa waliokaa pale bila kazi. Zile picha za manjano akazigeuza zikawa mistari, kila sauti na mstari wake, na pembeni tarehe. Akaibembeleza mashine ionyeshe na jina la siku. Mwisho akaiambia: tuonyeshe za Ijumaa peke yake, nyingine zijifiche.

Kioo kikabaki cheupe.

"Hakuna," Wening alisema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, Mbah. Babu hajawahi kurekodi siku ya Ijumaa hata mara moja."

"Huyo mtu alikuwa akitoa majibu usiku wa Ijumaa tangu wale watoto walipohama. Nilikuwa humu humu ndani, nakaanga."

"Labda alikuwa akitumia simu."

"Simu yake ilikuwa haina sauti tangu ilipoanguka kwenye beseni."

Mbah Parsiyah aliushika ukingo wa meza. Miezi yote alikuwa akijiambia kwamba sauti imo, ni yeye tu asiyeijua njia. Sasa njia ilikuwa imefagiliwa, pana na nyeupe, na mwisho wake hakuna mtu.

Adhana ya magharibi ikatoka msikitini. Wening akasimama, akatafuta kandambili zake kwa mguu.

"Acha nikaoge, Mbah. Usiku wa Ijumaa huu, kisomo cha Yasini leo ni kwa Bu Tukinah, na unamjua, ukichelewa anakutazama mpaka mate yanakukauka. Nitarudi kesho tutafute tena."

Mbah alikuwa akitazama pembe ya chini ya kioo, pale inapoandikwa saa.

"Nduk, hii mashine inasema leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na wewe umeniambia huu ni usiku wa nini?"

Wening alibaki na kandambili moja mguuni. Kisha akarudi kwenye kiti polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Mashine haijui magharibi," alisema. "Kwake yeye bado Alhamisi mpaka saa sita ya usiku. Na sisi wawili tumekaa hapa tunaisaka Ijumaa ya watu wa ofisini."

Akazirudisha siku zote. Alhamisi zikajipanga, ndefu kama foleni ya mchele, na ya juu kabisa ilikuwa ya jioni ile ya mwisho ya mzee. Wening akamsogezea bibi kipanya. Mbah akabofya mwenyewe.

Kikatoka kikohozi. Kiti kikalia.

"Wajukuu zangu, leo jibu. Lakini ngojeni, bibi yenu naye hajalisikia. Bu. Bu, njoo usikie jibu."

Kwa mbali, kutoka jikoni, ikaja sauti ya Mbah Parsiyah mwenyewe: "Subiri, tempe zinaungua."

"Zima moto uje."

"Nimesema subiri. We mzee, huna kazi?"

Kisha hakuna maneno. Mafuta yanachemka. Njiwa anajisemea kwenye tundu lake. Mzee anapumua, anagongagonga meza kwa kidole, anaimba kidogo puani, anaacha. Anangoja. Akangoja hata Wening akadhani rekodi imekatika. Ndipo sauti ikarudi, chini chini, imejaa kicheko.

"Haya, haji. Jibu ni friji. Ikinguruma hamna habari nayo, umeme ukikatika kila mtu anauliza friji vipi."

Ikaisha.

Wening aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Mbah Parsiyah alikuwa ametulia.

"Friji," alisema.

"Friji, Mbah."

"Miezi yote hii mimi najiliza, kumbe friji." Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaushika upindo wa kanga yake ya batiki, akajifuta macho, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. "Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua nini?"

"Watumie watoto, nduk, wana haki yao. Kisha nenda, Bu Tukinah asije akakukausha mate."

"Nawe je? Si unakuja?"

"Nakuja. Tangulia."

Wening akatuma, akaondoka. Mbah Parsiyah akalifunga dirisha, akalifungua tena aone kama ataweza peke yake. Kibaraza kikatokea, na Bapak amekaa juu. Akambofya, akabofya ile Alhamisi ya juu. Akapita kikohozi, akapita maneno, akaipita sauti yake mwenyewe inayosema subiri. Alipofika pale pa kungoja alivuta kiti karibu, akaweka mikono mapajani. Kabla friji haijatajwa alirudisha nyuma, mzee akaanza kungoja upya.

Kwa Bu Tukinah kina mama walimwachia nafasi yake kwenye mkeka, wakatazama mlangoni, wakatazamana. Baadaye wakaanza kusoma bila yeye.