Kosa Linapopanda Ngazi

Inas Shukri alivua viatu chini ya meza, akamalizia mkate wake wa taamiya, zile bajia za maharage, akajifuta mafuta vidoleni na kuanzisha jaribio. Alasiri ilikuwa imeshapita. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu mtaa wa Attarin, Aleksandria, na tramu ilipita huko chini ikitikisa vioo kama kawaida yake.

Kampuni ilitengeneza programu ya huduma ya magari ya wagonjwa. Injini ya kutafuta magari iliandikwa kwa lugha ya C++, kwa sababu ina kasi. Skrini za wasichana wanaopokea simu ziliandikwa kwa Python, kwa sababu ni rahisi kuzibadilisha. Kati ya lugha hizo mbili palikuwa na daraja, na Inas aliajiriwa aitie injini makosani makusudi, kisha aangalie kosa linavukaje kwenda upande wa pili.

Siku hiyo aliificha injini magari yote. Injini ikalalamika kwa namna yake kwamba hakuna gari. Upande wa pili skrini ikaandika: Gari liko njiani. Jaribio likawa jekundu, dalili kwamba limefeli, na hapohapo ikasikika sauti ya mtu anapanda ngazi.

Aliyeingia alikuwa mzee aliyevaa pajama za mistari, ndara mguu mmoja, pamba puani. Alitoa salamu, akavuta kiti cha dirishani, akaketi.

"Gari limeshafika, binti yangu?"

"Bado, hajj."

"Maana waliniambia liko njiani."

Inas aliiona ile pamba, akaelewa. Alikwenda jikoni akapika kahawa bila sukari, ile inayonywewa msibani, akamletea. Kosa lililozuiwa darajani lilikuwa limetafuta pengine pa kutokea, na jengo lile lina ngazi moja tu.

Kila aliporudia jaribio alikuja mwingine. Alikuja mama mwenye unga mikononi, akaja kinyozi na taulo lake begani, akaja mwalimu wa hesabu aliyesimama wima kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Hawakuwa wasumbufu. Waliuliza swali lao, wakanywa kahawa, wakakaa wakiutazama mlango. Inas hakuwaogopa. Aliyemhofia ni mama yake, Sitt Ihsan, mgonjwa wa moyo, aliyeshinda peke yake nyumbani kule Bahri. Namba ya huduma ileile ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji yake, na aliyeibandika ni Inas.

Daraja liliandikwa na Ustadhi Wagdi, mtu mwenye adabu kuliko wote pale ofisini. Kwao habari mbaya haisemwi mara moja. Mjomba wake alipofariki Damanhur, mke wa marehemu aliambiwa kwamba mumewe ana homa kidogo. Baadaye akaambiwa homa imepanda, kisha kwamba madaktari wanahangaika, mpaka mwenyewe akaanza kulia, ndipo wakamkumbatia. Mji mzima ndivyo unavyofanya. Ustadhi Wagdi alililea daraja lake kwa malezi hayohayo: kosa likitoka chini lipokelewe vizuri, linawishwe uso, lipandishwe juu likiwa na maneno ya faraja.

"Ustadhi," Inas alimwambia, "injini inasema hakuna gari. Kwa nini huku juu tunasoma liko njiani?"

"Binti yangu, huyo msichana wa simu ana roho. Na huyo mama anayepiga, mumewe kaanguka bafuni. Utamwambia hivihivi, hakuna?"

"Angeita teksi."

Mzee wa pajama akageuka kutoka dirishani. "Mwanangu ana teksi," alisema. "Alikuwa nje ya nyumba, amelala ndani ya gari lake. Hatukumwamsha, kwa sababu waliniambia liko njiani."

Ustadhi Wagdi akainuka. Alikusanya vikombe vitupu, akaenda kupika kahawa nyingine.

Mkuu wao, Mhandisi Bahgat, alitoka chumbani kwake na pakiti tupu mkononi. "Jana kahawa imeisha, leo imeisha tena! Hii ni ofisi au matanga?"

"Samahani, mhandisi," alisema yule mzee.

"Si wewe, hajj, astaghfirullah! Kaa, hapa ni kwako." Akamgeukia Inas. "Wewe ndiye unayewaita. Watu wa huduma wanachukua programu Jumapili, na mimi siwezi kuwapelekea jaribio jekundu. Liambie jaribio litarajie maneno 'liko njiani'. Likiyapata, kijani, na sisi tukalale."

"Huko si kupima, mhandisi. Huko ni kumfumba mtu macho halafu umuulize anaona nini."

"Sawa, mwanafalsafa. Ustadhi Wagdi, fanya wewe."

Ustadhi Wagdi hakuwahi kumkatalia mtu maishani mwake. Aliketi na kubadilisha mstari mmoja, machozi yakimlenga, na jaribio likawa kijani.

Jioni ile Inas alirudi Bahri na neno moja kichwani: mama, namba hiyo usiipige, mwambie bawabu akuitie teksi. Alilirudia njia nzima. Mama yake alikuwa amepika wali na mulukhiya, ule mlenda wa Kimisri, ameketi anamsubiri, uso umempauka. Daktari alikuwa ameonya asishtuliwe. Inas aliitazama namba kwenye friji, akamtazama mama yake, akampenda mpaka kifua kikamuuma.

"Wale wa magari ya wagonjwa," alisema, "siku hizi wanachelewa kidogo, mama."

"Nani asiyechelewa mji huu? Kula, mwanangu, wali unapoa."

Programu ikachukuliwa. Ofisini wageni hawakupungua. Sasa walikuja wenyewe, bila jaribio lolote, na Mhandisi Bahgat akaagiza viti vya plastiki na kahawa ya jumla. Wafanyakazi walizoea kusema "samahani" walipopita katikati yao.

Alasiri moja Inas alisikia ngazi, na hatua hizo alizijua. Sitt Ihsan aliingia na galabiya, kanzu yake ya nyumbani, mkoba mkononi, funguo za nyumba kidoleni. Ustadhi Wagdi alisimama akampa kiti chake.

"Gari limefika, Inas?"

"Bado, mama."

"Waliniambia liko njiani. Na wewe ulisema huwa wanachelewa kidogo. Nikajua ndiko kuchelewa kwenyewe, nikasubiri."

Inas aliingia jikoni. Kahawa ilifurika ikamwagika, akaanza upya. Alipoleta kikombe, simu yake iliita. Alikuwa kaka yake, Hazim, kutoka Kuwait.

"Inas, mama hapokei simu tangu asubuhi. Kuna nini?"

Inas alimtazama mama yake. Alikuwa amekaa kati ya kinyozi na mwalimu wa hesabu, anapuliza kahawa ipoe.

"Amechoka kidogo tu, Hazim," alisema. "Inshallah kheri."

"Alhamdulillahi. Nilishaingiwa na wasiwasi. Basi mwache apumzike, nitampigia kesho."

"Ndiyo," alisema Inas. "Mpigie kesho."