Mafuta Kabla ya Picha

Mama Chiriku hakutaka daktari amwone mtoto wake amepauka. Daktari mwenyewe alikuwa mbali, wa kuonwa kwenye simu ya muuguzi tu, lakini macho ni macho. Basi asubuhi alimwogesha bintiye, akampaka mafuta kuanzia utosini hadi nyayoni, akambeba mpaka zahanati.

Mtoto walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kusema. Leo midomo ilikuwa imevimba, hakutoa neno. Madoa mekundu yalikuwa na siku ya tatu, yameshaenea kifua na mgongo.

Muuguzi alipiga picha nne, akamtumia daktari wa ngozi. Jibu halikukawia: "Sioni kitu, inang'aa tu. Mfuteni mafuta, mpige picha tena. Upesi, natoka sasa hivi."

"Mama Chiriku, mafuta yote haya!" muuguzi alimtania. " Mgonjwa huyu au bibi harusi?"

"Ningemleta amepauka ungesema simtunzi."

"Ningesema kweli. Haya, futa."

Mama alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akapangusa bega polepole. Chiriku akapiga ukelele. Mama akatazama kitambaa. Kilikuwa kimeondoka na ngozi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Begani palibaki pabichi, pekundu.

"Nimemchuna! Dada, nimemchuna mwanangu!"

"Usiguse tena." Muuguzi alipiga picha bega, akapiga na kitambaa, akatuma. Utani ulikuwa umemwisha.

Safari hii daktari hakuandika. Alipiga simu, muuguzi akaiweka kwenye spika.

"Kuna dawa mpya anayotumia?"

"Vidonge vya kifafa," mama alijibu. "Wiki ya pili hii."

"Cha mwisho kameza lini?"

Mama hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, lakini hili alilitoa vipande vipande. "Leo. Alikataa. Nikambana pua, nikamtia kwa nguvu."



"Mama, si kitambaa kilichomchuna. Ni hivyo vidonge. Asimeze kingine. Mfunikeni shuka safi, msimpake kitu, mumlete hospitali sasa hivi. Siondoki, nawasubiri."

"Atapona?"

"Mleteni, mama."

Hakusema atapona. Mama alilisikia hilo vizuri sana.

Muuguzi alikuwa ameshakimbilia nje kutafuta gari. Mama akatandaza shuka, akainama ambebe bintiye, mikono ikamsimama hewani. Amshike wapi?